Mchochota Baada ya Mtikisiko wa Ubongo: Kwa Nini Kupona Huhitaji Muda

Kijana mwendesha bodaboda anaanguka. Kichwa kinagonga lami, kofia yake ngumu inapasuka, lakini fuvu linabaki zima. Anakaa chini dakika chache, anainuka, anajipangusa vumbi na kusema hana neno. Hospitalini anapimwa na kupigwa picha ya CT, kisha anaambiwa kwamba hakuna damu iliyovuja wala mfupa uliovunjika. Siku ya tatu kichwa bado kinamuuma, mwanga unamkera, hasira zi karibu, na mwili umechoka kama wa mtu aliyeamka na homa. Nyumbani wameanza kunong'ona kwamba anatega kazi. Naye, akiifikiria hesabu anayopaswa kumpelekea mwenye pikipiki, anajiuliza kama arudi barabarani kesho.

Mfano huu unawahusu wengi: mchezaji aliyegongana vichwa na mwenzake, mtoto aliyeanguka kutoka mwembeni, mama aliyeteleza bafuni. Wote huuliza swali moja: ikiwa picha ni safi, mbona bado naumwa? Sehemu kubwa ya jibu imo katika tukio ambalo picha ya kawaida haiwezi kulionyesha, nalo ni mchochota. Katika somo hili tutaeleza mchochota ni nini, unafanya kazi gani ndani ya ubongo uliotikiswa, unaufikiaje mwili mzima, na kwa nini njia ya kuusaidia si ile inayodhaniwa na wengi.

Mtikisiko wa ubongo ni nini

Ubongo ni laini, nao huelea ndani ya majimaji yaliyomo fuvuni. Kichwa kinapopigwa, au mwili unaposukumwa kwa nguvu kiasi cha kukitikisa kichwa, ubongo hucheza ndani ya fuvu. Sehemu zake huvutwa na kujipinda. Pale utendaji wa ubongo unapovurugika kwa sababu hiyo, tunasema mtu amepata mtikisiko wa ubongo. Huhesabiwa kuwa aina nyepesi ya jeraha la ubongo, lakini neno "nyepesi" lisitudanganye: linalinganisha jeraha hilo na yale yanayotishia uhai papo hapo, wala halimaanishi kwamba mgonjwa hateseki.

Ni vema kukumbuka kwamba wengi wanaopata mtikisiko hawapotezi fahamu. Kukosa kuzimia si ushahidi kwamba ubongo umesalimika. Vilevile, picha ya CT hutafuta damu iliyovuja, mfupa uliovunjika na uvimbe mkubwa. Haioni mabadiliko yanayotokea ndani ya seli moja moja. Picha safi ni habari njema, kwa kuwa huondoa hofu ya hatari za haraka. Haisemi kwamba hakuna kilichoumia.

Saa za mwanzo: mahitaji makubwa, nishati kidogo

Seli za neva zina nyuzi ndefu na nyembamba zinazopitisha ujumbe kutoka sehemu moja ya ubongo hadi nyingine. Nyuzi hizi zinapovutwa ghafla, kuta za seli hupoteza udhibiti kwa muda. Potasiamu hutoka nje ya seli, kalsiamu huingia kwa wingi, na kemikali za kusisimua neva humwagika bila mpangilio. Ili kurudisha kila kitu mahali pake, seli hulazimika kuendesha pampu zake kwa nguvu zote, na pampu hizo hutumia nishati nyingi.

Wakati huohuo mtiririko wa damu katika ubongo unaweza kupungua, na kalsiamu iliyoingia huvuruga vinu vya kuzalisha nishati ndani ya seli. Hivyo mahitaji hupanda huku upatikanaji ukishuka. Baada ya hapo hufuata kipindi ambacho matumizi ya sukari katika ubongo huwa chini ya kawaida. Katika panya wa maabara kipindi hicho huchukua takribani siku 7 hadi 10. Ndiyo maana kusoma ukurasa mmoja, kufanya hesabu ndogo au kusikiliza mazungumzo ya watu wengi kunaweza kumchosha mgonjwa kupita kiasi.

Mchochota unavyoanza

Mchochota ni mwitikio wa kinga ya mwili pale tishu zinapoumia au kuvamiwa na vijidudu. Sote tumeuona kwenye ngozi: mahali palipochomwa na mwiba huwa pekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Dalili hizo hutokana na damu kuongezeka mahali hapo, majimaji kupenya kwenye tishu, na seli za kinga kukusanyika ili kuondoa uchafu na kutengeneza kilichoharibika.

Ubongo una walinzi wake wenyewe, seli ziitwazo mikroglia. Mtaalamu wa Kihispania, Pío del Río-Hortega, alizieleza mwaka 1919. Wakati wa utulivu, mikroglia hunyoosha matawi yake membamba na kupapasa eneo linalozizunguka, zikitafuta dalili ya hitilafu. Seli za neva zinapoumia hutoa vitu ambavyo kwa kawaida hubaki ndani yake. Vitu hivyo ndivyo king'ora. Mikroglia hukisikia, hubadili umbo, husogea kwenye jeraha, humeza mabaki ya seli na kutoa kemikali za kupashana habari ziitwazo saitokini.

Saitokini ni za namna mbalimbali. Baadhi, kama interlukini-1 na ile iitwayo TNF-alfa, huchochea mwitikio uongezeke. Nyingine, kama interlukini-10, huupunguza na kufungua njia ya ukarabati. Katika uponyaji mwema, kundi la kwanza hutangulia, la pili likafuata, na hali ikatulia. Hapa ndipo penye jambo la kushikwa sana katika somo hili: mchochota si ajali iliyoongezwa juu ya ajali. Ni hatua ya kupona. Fundi anayekarabati nyumba iliyobomoka hupiga nyundo, hutoa vumbi na kuzuia njia, lakini asipoondoa kifusi hawezi kujenga. Tabu huja pale kazi hiyo inapokatizwa kabla ya wakati, au inapoendelea wakati haihitajiki tena.

Kutoka kichwani hadi mwilini

Kati ya damu na ubongo kuna kizuizi kilichojengwa na seli zilizobanana katika kuta za mishipa midogo ya damu. Kizuizi hiki huchagua kinachopita. Jeraha la kichwa linaweza kukilegeza kwa muda, na hapo mawasiliano kati ya kinga ya ubongo na kinga ya mwili huwa mepesi kuliko kawaida. Zaidi ya hayo, saitokini zina njia nyingine za kufikisha habari, ikiwamo ile ya neva ndefu inayounganisha ubongo na moyo, mapafu na utumbo.

Matokeo yake ni hali ambayo kila aliyewahi kuugua malaria anaijua: uchovu, kukosa hamu ya chakula, kutamani kulala, kutotaka maongezi, mawazo kwenda polepole na moyo kuwa mzito. Saitokini zinazoleta hali hiyo wakati wa maambukizi ni baadhi ya zilezile zinazotolewa baada ya jeraha. Ubongo unapozipokea humwamuru mtu apunguze shughuli ili nguvu zielekezwe kwenye matengenezo. Basi mgonjwa anayeshindwa kuamka mapema siku ya tatu hajawa mvivu. Mwili wake unatekeleza amri ya zamani sana.

Mfumo wa neva unaoendesha mapigo ya moyo, shinikizo la damu na tumbo bila sisi kuuamrisha nao huweza kuyumba. Mgonjwa akisimama ghafla huona kizunguzungu; akipanda ngazi moyo humwenda mbio kuliko ilivyostahili; wengine husikia kichefuchefu. Shingo nayo, ambayo mara nyingi huumia katika ajali hiyohiyo, huwa na mchochota wake katika misuli na viungo, na huongeza maumivu ya kichwa. Kwa hiyo si kila dalili itoke ndani ya ubongo. Mhudumu wa afya apime shingo, macho na usawa wa mwili kabla ya kuhitimisha.

Pigo la pili

Watu wazima wengi hupata nafuu ndani ya siku 10 hadi 14. Watoto na vijana huweza kuhitaji hadi wiki 4. Dalili zikivuka wiki 4 huitwa dalili zinazoendelea, na mgonjwa anastahili kuchunguzwa upya. Katika majeraha makubwa ya ubongo, uchunguzi wa tishu za watu waliofariki miaka kadhaa baada ya kuumia umeonyesha kwamba kwa baadhi yao mikroglia zilikuwa bado zimeamka. Yaani mchochota unaweza kusahau kuzima.

Tafiti za wanyama zinatufundisha jambo jingine. Mikroglia zilizokwisha kuamshwa mara moja hubaki katika hali ya tahadhari. Likija pigo la pili kabla hazijatulia, hata liwe dogo, mwitikio wake huwa mkali na mrefu kuliko wa kwanza. Pigo hilo pia huikuta seli ikiwa bado na upungufu wa nishati. Na kwa vijana, mara chache sana lakini kwa matokeo mabaya mno, pigo la pili kabla ya kupona limefuatiwa na ubongo kuvimba kwa kasi hadi kifo.

Hii ndiyo sababu tunamwambia mchezaji atoke uwanjani siku hiyohiyo wala asirudishwe hata akidai yu mzima. Ndiyo sababu pia yule kijana wa bodaboda hapaswi kurudi barabarani kesho. Mtu ambaye fikra zake zimepungua kasi na macho yake yanaumizwa na mwanga yuko karibu zaidi na ajali nyingine, na ajali hiyo itaukuta ubongo usiokuwa tayari. Hesabu ya siku chache ni hasara inayouma, tusiidharau tunapomshauri. Lakini ni hasara inayoweza kulipwa.

Je, tuuzime mchochota kwa dawa?

Ikiwa mchochota unaleta dalili, je, si busara kuuzima? Wazo hili lilionekana sahihi kwa miaka mingi. Dawa za steroidi hupunguza mchochota kwa nguvu, na zilitumika kwa wagonjwa wa majeraha ya kichwa kwa zaidi ya miaka 30. Kisha likafanyika jaribio kubwa lililoitwa CRASH, katika hospitali 239 za nchi 49. Watu wazima 10,008 waliojeruhiwa kichwa na kupungukiwa na fahamu waligawanywa kwa kura: nusu walipewa methiliprednisoloni kwa saa 48, nusu wakapewa maji yasiyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Katika wiki 2 za kwanza walifariki asilimia 21.1 ya waliopewa steroidi, dhidi ya asilimia 17.9 ya wasiopewa. Jaribio lilisitishwa kabla ya kufikia idadi iliyokusudiwa.

Wengi wa wagonjwa hao walikuwa wameumia zaidi ya mtu mwenye mtikisiko tu. Hata hivyo funzo linabaki: kuuzima mchochota wote, wa manufaa na wa madhara kwa pamoja, si tiba. Projesteroni nayo, iliyopunguza mchochota katika wanyama, haikuwasaidia wagonjwa katika majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 2014. Mpaka sasa hakuna dawa ya mchochota iliyothibitishwa kuharakisha kupona mtikisiko wa ubongo.

Kwa hiyo sindano ya deksamethasoni haina nafasi katika matibabu ya mtikisiko. Dawa hiyo hupunguza uvimbe unaozunguka saratani ya ubongo, lakini huo ni uvimbe wa namna nyingine. Anayetumia steroidi kwa ugonjwa mwingine asiache ghafla. Amweleze tabibu wake.

Kwa maumivu ya kichwa ya siku za mwanzo, parasetamoli kwa kipimo sahihi ndiyo chaguo la kwanza. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huathiri ugandaji wa damu. Ziepukwe katika siku 2 za mwanzo, hasa pale picha ya CT haijapigwa na uvujaji wa damu haujaondolewa shaka. Tena dawa za maumivu zisigeuzwe chakula cha kila siku. Anayemeza parasetamoli siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi zaidi ya 3, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa yenyewe, naye akadhani ubongo haujapona.

Namna ya kuusaidia mwili

Zamani mgonjwa alifungiwa katika chumba cha giza hadi dalili zote ziishe. Ushauri huo umebadilika. Mwaka 2015 lilichapishwa jaribio lililowahusu vijana wa miaka 11 hadi 22: waliolazimishwa kupumzika kabisa kwa siku 5 waliripoti dalili nyingi zaidi kuliko walioshauriwa kupumzika siku 1 au 2 na kisha kurejea shughuli hatua kwa hatua. Makubaliano ya kimataifa yaliyofikiwa Amsterdam mwaka 2022 yanashauri mapumziko ya kadiri kwa saa 24 hadi 48, kisha mwendo mwepesi.

Siku 2 za kwanza. Mgonjwa afanye kazi ndogo za nyumbani na kutembea taratibu akijisikia. Apunguze simu na televisheni. Asiendeshe chombo chochote, asinywe pombe, asifanye mazoezi mazito.

Baada ya hapo. Atembee kwa mwendo wa kawaida dakika 15 hadi 20 kila siku, akiongeza kidogokidogo. Dalili zikipanda kidogo na kushuka ndani ya saa moja, hakuna ubaya. Zikipanda sana, apunguze na ajaribu tena kesho yake.

Usingizi. Si kweli kwamba aliyetikisika ubongo haruhusiwi kulala. Akishapimwa na kuonekana hana dalili za hatari, alale, maana usingizi ni sehemu ya uponyaji. Ila asiachwe peke yake katika saa 24 za mwanzo. Mtu mzima awe karibu na aweze kumwamsha akiona mashaka. Baadaye alale na kuamka kwa saa zilezile kila siku.

Chakula na maji. Ale mlo wa kawaida wenye mboga, matunda, maharage na samaki kadiri ya uwezo, na anywe maji ya kutosha. Hakuna chakula kimoja kinachoponya mtikisiko.

Masomo, kazi na michezo. Mwanafunzi arudi darasani kwanza, uwanjani baadaye. Mchezo urejewe kwa hatua, kila hatua ikichukua angalau saa 24. Mazoezi ya kugongana yasubiri dalili ziishe na mtaalamu wa afya atoe ruhusa. Kanuni hiyohiyo imfae anayepanda ngazi za ujenzi, anayeendesha mashine na anayebeba abiria.

Dalili za kukimbilia hospitali

Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja akionekana na mojawapo ya haya: maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika mara kwa mara, degedege, usingizi mzito usioamshika, kuchanganyikiwa kunakoongezeka, udhaifu au ganzi upande mmoja, mboni za macho kutolingana, maneno kukwama, au damu ama majimaji meupe kutoka puani au masikioni. Wazee, na wote wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, wapimwe hata kama pigo lilionekana dogo.

Neno kwa wahudumu wa afya

Uchovu, maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kutapika ni dalili za mtikisiko na ni dalili za malaria pia. Mgonjwa mwenye dalili hizo aulizwe kama ameanguka au kugongwa siku za karibuni. Na aliyeumia kichwa akipata homa, apimwe malaria na maambukizi mengine. Homa haielezwi na mtikisiko peke yake. Maambukizi yanaweza pia kuamsha upya dalili zilizokuwa zimetulia, hivyo yatibiwe mapema.

Mweleze mgonjwa, mbele ya jamaa zake, kinachotokea ndani ya mwili wake. Maelezo ya dakika 5 huondoa tuhuma ya uvivu na hofu ya kichaa. Mwandikie mapumziko yenye tarehe, maana mwajiri huamini karatasi. Mpangie kurudi kliniki ndani ya wiki 1 au 2, na dalili zikivuka wiki 4, mpe rufaa.

Muhtasari

Mtikisiko wa ubongo huvuruga kazi za seli bila lazima ya kuonekana katika picha. Mchochota unaofuata ni hatua ya uponyaji, na sehemu ya uchovu na huzuni ya mgonjwa hutoka humo. Hauzimwi kwa steroidi. Hulindwa kwa mapumziko mafupi, mwendo wa taratibu, usingizi wa kutosha na, zaidi ya yote, kuepuka pigo la pili.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini picha ya CT inaweza kuwa safi ilhali mgonjwa bado anaumwa?
2. Mikroglia hufanya kazi gani ubongo unapoumia?
3. Jaribio la CRASH linatufundisha nini kuhusu kuzima mchochota?
4. Utamjibu nini mzazi anayemkataza mwanawe asilale usiku kucha baada ya kuanguka?
5. Kijana wa bodaboda yuko mbele yako siku ya tatu na anataka kurudi kazini. Mshauri, ukimweleza sababu.